Jumba la Gavana na Kumbukumbu za Bahari: Kuzuru Makumbusho ya Kisiwa cha Msumbiji

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mnamo Machi 1498, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga katika kisiwa kidogo kilichoko kaskazini mwa nchi ambayo leo huitwa Msumbiji. Wenyeji waliwapokea wageni hao, wakabadilishana nao bidhaa, na mtawala wao akawapa marubani wawili wa kuwaongoza katika safari yao. Kabla ya mwezi kwisha, wageni walikuwa wamekwisha kuwafyatulia wenyeji mizinga. Mwenyeji hakupona. Katika miongo iliyofuata kisiwa hicho kiligeuzwa kuwa kituo kikuu cha Wareno katika pwani ya Afrika Mashariki, na jina lake hatimaye likawa jina la nchi nzima.

Katika kisiwa hicho mna jumba kubwa la rangi nyekundu lililokuwa makao ya magavana wa Kireno. Leo jumba hilo ni makumbusho. Orofa ya juu huonyesha maisha ya waliolikalia. Orofa ya chini ni makumbusho madogo ya bahari, yanayojulikana kwa Kireno kama Museu da Marinha. Makala haya yanakusudia kumtembeza msomaji katika jumba hilo na kumwonyesha namna ya kulisoma. Hoja ya msingi ni kwamba makumbusho ni matini kama zilivyo matini nyingine. Yana msimulizi wake, yana wahusika wanaopewa nafasi ya kusema, na yana wahusika walionyimwa nafasi hiyo. Msomaji wa riwaya hufunzwa kuuliza ni nani anayesimulia na kwa manufaa ya nani. Mgeni wa makumbusho hana budi kuuliza maswali yayo hayo, hususan pale ambapo historia ya bahari yetu imehifadhiwa ndani ya nyumba ya aliyetutawala.

Kisiwa na Jina Lake

Kisiwa cha Msumbiji ni kidogo mno. Urefu wake ni yapata kilomita tatu, na upana wake, hata mahali palipo pana zaidi, haupiti nusu kilomita. Daraja jembamba na refu hukiunganisha na bara, katika mkoa wa Nampula. Licha ya udogo wake, kisiwa hiki kilikuwa mji mkuu wa koloni la Kireno hadi mwaka 1898, makao makuu yalipohamishiwa Lourenço Marques, mji ambao leo huitwa Maputo. Mwaka 1991 shirika la UNESCO lilikiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kabla ya Wareno kufika, kisiwa hiki kilikuwa sehemu ya ulimwengu wa biashara uliofungamanisha miji ya Waswahili na Bara Arabu na Bara Hindi. Majahazi yalikuja na kurudi kwa kufuata kusi na kaskazi kama yalivyofanya Lamu, Mombasa na Kilwa. Jina la kisiwa lenyewe husadikiwa kutokana na mtu aliyeitwa Musa bin Bique, ambaye baadhi ya masimulizi humtaja kuwa shehe na mtawala, na mengine humtaja kuwa mfanyabiashara. Kwa hivyo nchi nzima ya Msumbiji, yenye lugha rasmi ya Kireno, inaitwa kwa jina la Mwislamu wa pwani. Hilo ni jambo la kwanza ambalo mgeni anafaa kulikumbuka kabla hajavuka kizingiti cha jumba, kwani mbele ya jumba hilo atakayemlaki si Musa bin Bique. Atalakiwa na sanamu ya Vasco da Gama.

Mpangilio wa mji nao unasema mengi. Upande wa kaskazini ni mji wa mawe na chokaa, ambamo mna jumba la gavana, makanisa, maghala na nyumba za matajiri. Katika ncha yake imesimama ngome ya Mtakatifu Sebastiani, iliyoanza kujengwa mnamo 1558, na kando yake kanisa dogo la mwaka 1522 ambalo hutajwa kuwa jengo kongwe zaidi la Wazungu katika kizio cha kusini cha dunia. Upande wa kusini ni mji wa makuti, ambao hata kwa Kireno huitwa Macuti, neno lililochukuliwa kutoka kwa Waswahili. Huko ndiko wanakoishi wakazi wengi wa kisiwa. Mawe ya kujengea mji wa kaskazini yalichimbwa kusini. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya mji wa makuti imelala ndani ya mashimo ya machimbo hayo, chini ya usawa wa barabara. Mtu apitaye njiani huweza kuyaona mapaa kabla ya kuiona milango, na mvua kubwa inaponyesha maji hutiririkia huko. Utajiri wa upande mmoja wa kisiwa ulichotwa, kwa maana halisi ya neno hilo, kutoka chini ya miguu ya upande wa pili.

Jumba Lenyewe

Jumba la Mtakatifu Paulo halikujengwa kwa ajili ya gavana. Lilianza mwanzoni mwa karne ya 17 kama chuo cha mapadri Wajesuiti, na ndiyo maana lina kanisa ubavuni mwake. Mwaka 1759 serikali ya Ureno iliwafukuza Wajesuiti katika himaya yake yote. Jumba likatwaliwa, na muda mfupi baadaye likawa makao ya magavana. Kwa hiyo, hata kabla ya kuwa makumbusho, lilikuwa limekwisha kuwatumikia mabwana wawili: dini na dola.

Mgeni anayepanda ngazi na kuingia katika vyumba vya orofa ya juu hukutana na anasa za karne zilizopita. Mna viti na makabati ya mbao nzito yaliyonakshiwa kwa ustadi mkubwa na mafundi wa Goa, koloni la Wareno nchini India. Mna vyombo na mapambo kutoka Ureno, Bara Arabu, Bara Hindi na Uchina. Yapo mambo mawili ya kuzingatia hapa. La kwanza ni kwamba samani hizi ni ushahidi wa bahari ingawa hazikuwekwa katika sehemu ya bahari. Kila kabati lililomo humo lilifika kwa merikebu, likisukumwa na upepo ule ule wa msimu uliokuwa ukiwaleta wafanyabiashara Mombasa na Zanzibar. Isitoshe, kwa muda mrefu kisiwa hiki kilitawaliwa kupitia Goa, hadi kilipopewa utawala wake mnamo 1752. Bahari Hindi ndiyo iliyokuwa barabara kuu ya jumba hili. Lisbon ilikuwa mbali.

La pili ni ukimya. Vyumba hivi vinaonyesha kiti bila ya kumwonyesha aliyekifuta vumbi. Vinaonyesha meza ya chakula bila ya kumwonyesha mpishi. Jumba la namna hii halikuweza kuendeshwa pasi na jasho la watumwa na watumishi. Hao waliingia katika kila chumba, lakini hawakuacha kitu ambacho wenye nyumba walikiona kuwa na thamani ya kuhifadhiwa. Mtazamaji asiyejiuliza juu yao atatoka akivutiwa na uhodari wa seremala na asijue chochote kuhusu maisha ya nyumba yenyewe.

Orofa ya Chini: Bahari Ndani ya Nyumba

Makumbusho ya bahari ni madogo na humchukua mgeni muda mfupi kuyazunguka. Ndani yake mna dira za merikebu, sarafu za dhahabu, vyombo vya kaure vya Kichina na vitu vinginevyo vilivyoopolewa kutoka katika mabaki ya meli zilizozama karibu na kisiwa. Bahari inayokizunguka kisiwa hiki imejaa mabaki ya namna hiyo. Meli za Ureno zilizokuwa zikienda India au kurejea zilitia nanga hapa kusubiri upepo, kutengenezwa na kuchukua maji na chakula. Nyingine zilipigwa na dhoruba au kupanda mwamba. Waholanzi waliizingira ngome mwaka 1607 na tena 1608 bila ya kuiteka, na baadaye katika karne hiyo Waomani nao waliushambulia mji. Vita na tufani vyote viliacha masalio yake chini ya maji.

Miongoni mwa vitu vinavyoonyeshwa, kaure ndiyo inayovuta macho zaidi. Mwaka 2001 mabaki ya meli moja ya Kireno ya katikati ya karne ya 16 yaligunduliwa karibu na ngome ya Mtakatifu Sebastiani. Meli hiyo ilikuwa imebeba shehena ya kaure ya enzi ya Jiajing, mfalme wa ukoo wa Ming aliyetawala Uchina kati ya 1521 na 1567. Vyombo hivyo vya rangi nyeupe na buluu vilifinyangwa na kuchomwa bara Uchina, vikapakiwa kwenda Ureno, vikaishia kwenye mchanga wa bahari ya Msumbiji kwa zaidi ya miaka mia nne. Udongo uliochomwa vizuri hauozi. Mbao za meli huliwa na wadudu, kamba huoza, mifupa hupotea, lakini sahani hubaki. Hii ni sababu mojawapo inayoyafanya makumbusho mengi ya bahari duniani yawe na sahani nyingi na watu wachache.

Sahani Zilizokwenda Mnadani

Kaure inayoonekana katika jumba hili si yote iliyoopolewa. Uopoaji wa meli hiyo ulifanywa na kampuni ya kibiashara ya kigeni kwa kibali cha serikali, na gharama zake zilitarajiwa kulipwa kwa kuuza sehemu ya vitu vitakavyopatikana. Baadhi ya vyombo vilibaki nchini. Vingine vilipelekwa Ulaya na kupigwa mnada Amsterdam mwezi Mei 2004, vikatawanyika katika nyumba za wanunuzi binafsi.

Mgala muue na haki yake mpe. Msumbiji ilikuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomalizika mwaka 1992. Nchi iliyokuwa ikijenga upya shule na hospitali haikuwa na fedha za kugharimia akiolojia ya chini ya maji, ambayo ni ghali kupindukia. Watetezi wa mpango ule huweza kusema kwamba, lau si uopoaji huo, hata vitu vichache vilivyomo katika jumba visingekuwamo, na kwamba wezi wangevichukua vyote. Hata hivyo, hasara haipimwi kwa idadi ya sahani pekee. Mabaki ya meli ni kama kitabu: kila kitu kina mahali pake, na maana yake hutokana na jirani yake. Mtaalamu anapojua ni kikombe kipi kilikuwa karibu na kasha lipi, huweza kueleza namna meli ilivyopakiwa, ni nani alikuwa mwenye mali na safari ilikuwa ya namna gani. Vitu vinapotenganishwa na kuuzwa kimoja kimoja, kurasa za kitabu huwa zimechanwa. Mnunuzi hubaki na ukurasa mzuri wa kutundika ukutani, na hakuna awezaye tena kukisoma kitabu kizima.

Ni katika mwaka huo huo wa 2001, mwezi Novemba, ambapo UNESCO ilipitisha Mkataba wa Kuhifadhi Urithi wa Kitamaduni Ulio Chini ya Maji, ulioanza kutumika mwaka 2009. Mkataba huo unakataza urithi huo kufanywa bidhaa ya biashara, na unahimiza kwamba kuuacha mahali ulipo ndilo chaguo la kwanza kabla ya kufikiria kuuopoa.

Msomaji wa Kenya ana mfano wa karibu wa kulinganisha. Mwaka 1697, wakati Waomani walipokuwa wameizingira Ngome ya Yesu, manowari ya Kireno iliyoitwa Santo António de Tanna ilizama mbele ya ngome hiyo mjini Mombasa. Kati ya 1977 na 1980, Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya kwa ushirikiano na wataalamu wa akiolojia ya majini kutoka Marekani yaliichimbua kwa utaratibu. Vitu vilivyopatikana vilihifadhiwa, na mgeni anayezuru Ngome ya Yesu huweza kuona sehemu yake. Kiunzi cha meli kilichunguzwa, kikachorwa, kisha kikafunikwa tena kwa mchanga pale pale kilipolala. Meli hizo mbili zilikuwa za taifa moja na zilizama katika bahari moja, lakini ya Mombasa ilisomwa kama kitabu kizima, na ya Msumbiji ikagawanywa kurasa.

Meli Isiyoonekana Katika Jumba

Katika mwezi wa Desemba 1794, wakati jumba hili lilipokuwa makao ya gavana, meli ya Kireno iliyoitwa São José Paquete d'África iliondoka katika kisiwa cha Msumbiji ikielekea Maranhão, nchini Brazili. Ilikuwa imebeba zaidi ya watu 400 waliotekwa na kufanywa watumwa. Tarehe 27 Desemba ilipasuka kwenye miamba karibu na Rasi ya Tumaini Jema, mahali ambapo leo ni mji wa Cape Town. Mabaharia wote waliokoka. Zaidi ya watu 200 kati ya wale waliofungwa walikufa maji. Walionusurika waliuzwa huko huko Rasi baada ya siku chache.

Mabaki ya meli hiyo yalitambuliwa rasmi na kutangazwa mwaka 2015, baada ya watafiti wa Afrika Kusini, Marekani na Msumbiji kuoanisha vitu vilivyopatikana chini ya bahari na kumbukumbu za maandishi. Ushahidi mmoja muhimu ulikuwa vipande vya chuma. Hati za Lisbon zilionyesha kwamba meli iliondoka huko ikiwa na vipande vingi vya chuma, na wapiga mbizi wakavikuta vipande vya namna hiyo mahali ilipozama. Chuma hicho kilikuwa farumi, yaani uzito unaowekwa chini ya meli ili isiyumbe. Meli iliyobeba pembe za ndovu au nafaka huhitaji farumi kidogo, kwa kuwa shehena yenyewe ni nzito. Meli iliyobeba wanadamu huhitaji farumi nyingi, kwa sababu mwanadamu ni mwepesi na huenda akajongea. Ndiyo kusema kwamba chuma kilikuwa kipimo cha miili. Anayevitazama vipande hivyo vya kutu havutiwi na uzuri wowote, ila humwambia mengi kuliko sahani ya buluu.

Mwezi Juni 2015, udongo kutoka Msumbiji ulichukuliwa katika chombo kilichopambwa kwa kauri na kumwagwa baharini mahali meli ilipozama, ili waliokufa mbali na kwao wafunikwe angalau kwa mchanga wa nyumbani. Baadhi ya vitu vya meli hiyo vimeonyeshwa katika makumbusho ya historia ya Wamarekani Weusi yaliyofunguliwa jijini Washington mwaka 2016.

São José ilikuwa moja tu. Katika karne za 18 na 19 kisiwa cha Msumbiji kilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Watu waliotekwa bara, wengi wao Wamakua, walipelekwa katika visiwa ambavyo leo ni Morisi na Réunion, Brazili na Kuba. Ureno ilipiga marufuku usafirishaji huo mwaka 1836, lakini biashara iliendelea kwa siri kwa miaka mingi. Vibali, kodi na hesabu za biashara hiyo vilikuwa chini ya utawala uliokaa katika jumba hili hili. Kisiwani mna Bustani ya Kumbukumbu iliyotengwa kwa ajili ya watumwa hao, nje ya jumba. Mgeni anayeridhika na jumba pekee atakuwa ameisoma nusu ya hadithi, tena nusu iliyosimuliwa na muuzaji.

Marubani Waliochapwa

Dira zilizomo katika makumbusho zinaweza kumpa mtazamaji fikira kwamba ujuzi wa bahari uliletwa na Wareno. Historia iliyoandikwa na Wareno wenyewe inakanusha fikira hiyo. Shajara ya safari ya kwanza ya Vasco da Gama inaeleza kwamba wageni hao hawakuijua njia kuanzia hapo kwenda mbele, na ndiyo maana walihitaji marubani wa kisiwani. Inaeleza pia kwamba tarehe 1 Aprili 1498 rubani mmoja alichapwa viboko kwa kosa la kuviita visiwa fulani bara. Wareno wakakipa kisiwa cha mahali hapo jina la Ilha do Açoutado, yaani kisiwa cha aliyechapwa. Rubani huyo hana jina katika maandishi hayo. Viboko vyake vina jina kwenye ramani.

Siku chache baadaye merikebu zilifika Mombasa, ambako marubani walijirusha majini na kutoroka. Malindi ndiko da Gama alikopata rubani aliyemvusha hadi Calicut nchini India. Pasi na wanamaji wa bahari hii, safari inayosherehekewa kwa sanamu mbele ya jumba isingefika ilikokuwa ikienda.

Fasihi nayo ilichangia kuwafuta. Luís de Camões, mshairi mkuu wa Ureno, aliishi katika kisiwa hiki kwa takriban miaka miwili kuanzia 1567, akiwa fukara anayetegemea hisani ya marafiki. Utenzi wake Os Lusíadas, uliochapishwa mwaka 1572, unasimulia safari ya da Gama. Ndani yake watu wa Msumbiji na Mombasa ni wasaliti, ilhali mfalme wa Malindi ni mwema. Wema wake ni upi? Anaketi na kusikiliza huku da Gama akimsimulia historia ndefu ya Ureno. Mwafrika mbaya ni yule anayepinga. Mwafrika mwema ni yule anayesikiliza. Mpangilio huo wa wahusika haukuishia katika utenzi. Umo pia katika makumbusho yoyote yanayomtaka mwenyeji aje asikilize hadithi ya mgeni wake.

Ushahidi wa Lugha

Ikiwa vitu vya wenyeji havikuhifadhiwa jumbani, ni wapi mtafiti atawapata? Jibu moja limo katika lugha. Kiswahili kimehifadhi kumbukumbu ya merikebu za Wareno katika maneno kama meza, bendera, leso, kasha, pipa, mvinyo na karata. Haya ni maneno ya vitu vilivyoshushwa melini na kuuzwa au kutumiwa ufukweni. Neno gereza linatokana na igreja, yaani kanisa, na historia yake inahusishwa na ngome zilizokuwa na makanisa ndani. Neno la mahali pa sala limekuja kuwa neno la mahali pa kufungia watu, na mabadiliko hayo ya maana ni historia fupi ya ukoloni.

Mkopo haukuwa wa upande mmoja. Kireno cha Msumbiji kina macuti, na kina machamba kwa maana ya shamba. Kaskazini mwa nchi hiyo Kimwani kinazungumzwa katika pwani na visiwa vya Cabo Delgado, nacho ni jamaa wa karibu wa Kiswahili. Kusini zaidi, Angoche, kuna Ekoti, lugha iliyochanganya Kimakua na Kiswahili. Katika kisiwa chenyewe huzungumzwa Enahara, lahaja ya Kimakua yenye athari za lugha za pwani.

Aidha, nyaraka za kihistoria zilizoko Maputo zina barua nyingi za karne ya 19 ambazo masultani na mashehe wa kaskazini mwa Msumbiji waliwaandikia watawala wa Kireno kwa hati za Kiarabu, na sehemu yake kubwa ni kwa lugha ya Kiswahili. Kwa maneno mengine, utawala uliokaa katika jumba hili ulipokea malalamiko, maombi na mapatano kwa Kiswahili, na ulilazimika kuwa na wakalimani wa kuusomea. Sauti ambazo hazimo katika makabati ya vioo zimo katika karatasi hizo. Wanafunzi wa Kiswahili wanaojifunza kusoma hati za Kiarabu wana ufunguo ambao wanahistoria wengi hawanao.

Jinsi ya Kulizuru Jumba

Kutokana na yaliyoelezwa, mgeni anaweza kufuata utaratibu ufuatao. Kwanza, aanze na mji wa makuti kabla ya jumba, ili aone mawe yalichimbwa wapi. Pili, akiwa jumbani asiharakie orofa ya chini. Atazame kwanza samani za juu na kujiuliza kila moja ilitoka bandari gani na ililetwa na nani. Tatu, mbele ya kaure ajiulize vyombo vingine vya meli ile viko wapi leo. Nne, atoke aende katika Bustani ya Kumbukumbu. Tano, azungumze na wavuvi wanaotumia madau ya tanga ufukweni, kwa maana ujuzi wa upepo na mikondo ya maji ambao da Gama aliuhitaji bado u hai vichwani mwao.

Ziara hii ina haraka yake. Kisiwa kiko katika njia ya tufani. Kimbunga Gombe kilikipiga mwezi Machi 2022 na kuharibu nyumba nyingi, na mwezi Machi 2025 kimbunga Jude kiliingia nchi kavu jirani na hapo, Mossuril. Jambo la kutia moyo ni kwamba wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane na washirika wao wamekuwa wakifanya utafiti wa majini kisiwani na kuwafunza wenyeji kupiga mbizi na kulinda mabaki ya meli. Safari hii mwenyeji anashuka mwenyewe kuitazama bahari yake.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba makumbusho ya bahari yaliyomo katika jumba la gavana hayasemi uongo, ila husema kwa sauti ya mwenye nyumba. Huhifadhi kaure na dira, kwa kuwa hivyo ndivyo vitu vilivyothaminiwa, na kwa kuwa bahari yenyewe huhifadhi kigumu na kuharibu kilaini. Rubani, mpishi, mjenzi na mtumwa hawakuacha sahani. Waliacha maneno, barua, majina ya mahali, machimbo ya mawe na vipande vya chuma katika bahari ya mbali.

Dawa yake si kulifunga jumba wala kuyatupa makabati ya Goa. Kinachohitajika ni kuwaingiza jumbani wale ambao zamani waliingilia mlango wa nyuma. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wahifadhi wa makumbusho pekee. Inawahitaji pia wasomi wa lugha, maana sehemu kubwa ya ushahidi uliobakia ni wa lugha. Mwacha asili ni mtumwa, nayo asili hii imo ndani ya Kiswahili chenyewe, ikisubiri kusomwa.